Umri wa Boi

Ukitafuta neno boi katika kamusi ya Kiswahili, utakuta limefasiriwa kuwa mtumishi wa kiume wa nyumbani. Mtoto wa kiume hayumo. Hili linataka maelezo, maana neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, na Mwingereza wa leo akiulizwa boy ni nani, jibu lake la kwanza ni mvulana. Maneno mengine tuliyoyachukua kwao yalikuja na mizigo yake: skuli ikabaki mahali pa kusomea, baiskeli ikabaki chombo cha magurudumu mawili, daktari akabaki mganga. Boi peke yake lilivuka bahari likauacha utoto nyuma. Nadhani kuachwa huko ndiko kunakotueleza zaidi kuhusu watu waliotamka neno hilo na watu walioitwa kwalo. Aliyeita alikuwa akitaja umri. Aliyeitwa aliamua kusikia kazi. Katika nafasi iliyo kati ya mdomo na sikio kuna sehemu kubwa ya historia ya utumishi wa majumbani katika Afrika Mashariki na Kongo.

Tuanzie Uingereza, kwa kuwa huko ndiko kunakotoka pingamizi la kwanza. Maandishi ya Kiingereza cha Kati, yapata mwaka 1300, yanapolitumia neno boy, mara nyingi yanamtaja mtumishi, mtu wa tabaka la chini, asiye na cheo wala ukoo wa kutajwa. Maana ya mtoto wa kiume ilishika nguvu baadaye. Asili ya neno bado inabishaniwa. Wako wanazuoni waliolihusisha na neno la Kilatini lenye maana ya pingu, lililopitia Kifaransa cha Wanormani, ingawa wengine hawakubali. Kwa hiyo mtetezi wa bwana wa kizungu anaweza kusema: kumwita mtumishi boy hakukuwa kumshusha awe mtoto, kulikuwa kulitumia neno kwa maana yake ya zamani kabisa. Hoja hii ina uzito wa kitabuni, lakini haifiki mbali. Walowezi waliofika Nairobi au Tanga hawakuzungumza Kiingereza cha mwaka 1300. Katika vinywa vyao boy alikuwa mvulana, na watoto wao wa kiume waliitwa hivyo hivyo mezani, huku mzee aliyebeba sahani akiitwa kwa neno lile lile. Isitoshe, Kiingereza kinaonyesha kwamba utoto na utumishi vilichanganywa humo tangu zamani, na kwamba mchanganyiko huo uliweza kumpandisha mtu au kumdidimiza. Neno knight, ambalo leo ni cheo cha heshima anachotunuku mfalme, lilianza kwa maana ya kijana, likawa mtumishi, likawa askari wa farasi, mwisho likawa mtu wa kuitwa Sir. Neno knave nalo lilianza kwa maana ya mvulana, likawa mtumishi, likaishia kuwa mtu mwovu na laghai. Maneno mawili yaliyoanzia kitanda kimoja, moja likapanda ngazi na jingine likaanguka. Kilichoamua hatima yake ni nafasi waliyopewa au kunyimwa watu waliobeba majina hayo.

Shakespeare anatuonyesha pande zote mbili za boy bila kutoka katika Roma yake ya kubuni. Katika Julius Caesar, mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili na kuuchapisha mwaka 1963, Brutus ana mtumishi mdogo aitwaye Lucius. Anamwita boy, anamtuma taa usiku, anamwomba ampigie muziki, na kijana anaposinzia chombo kikiwa mikononi, bwana mwenyewe anakiondoa taratibu kisije kikavunjika. Hapo umri na utumishi vimekaa pamoja kwa upole, kwa sababu Lucius kweli ni mtoto na atakua. Katika Coriolanus neno hilo hilo anarushiwa jemadari aliyekwisha kuteka miji. Adui yake anamwita boy mbele ya watu, naye anapandwa na ghadhabu kana kwamba amechomwa kisu, na hasira hiyo inatangulia kifo chake kwa dakika chache tu. Wasikilizaji wa London wa miaka ya 1600 hawakuhitaji kuelezwa kwa nini amekasirika. Walijua kwamba kumwita mwanamume mzima kwa jina la mtoto ni kumvua yote aliyokwisha kuwa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba watu wa zamani hawakuona ubaya katika neno hili. Waliuona, tena waliweza kuujengea tamthilia.

Njia iliyolileta neno kwetu ilipitia Bara Hindi. Kamusi mashuhuri ya maneno ya Waingereza wa huko, Hobson-Jobson, iliyotoka mwaka 1886, ina ingizo lake la boy, nalo linaeleza mambo mawili. La kwanza ni kwamba kusini mwa India na huko Uchina, mtumishi binafsi wa Mzungu aliitwa hivyo, na kwamba neno lilitumika kama mwito wa kumfanya mtu aje. La pili ni kwamba walikuwako wabeba machela wa jamii fulani ambayo jina lake katika lugha za kusini mwa India linasikika kama boyi, na Wareno wa Goa walikuwa wakiandika bois kabla Mwingereza hajatia mguu. Hapa huzuka pingamizi la pili, kwamba boi wetu huenda ni jina la kabila la kazi kutoka India, lisilohusiana na utoto hata kidogo. Inawezekana kabisa kwamba maneno mawili yaliyofanana sauti yalikutana bandarini na kuimarishana. Lakini angalia jinsi neno lilivyotembea baada ya hapo. Wajerumani walipoitawala Tanganyika, walikuwa na neno lao la mtumishi na neno lao la mvulana, lakini katika kumbukumbu na barua zao wanaandika Boy. Wafaransa wa Afrika Magharibi na Wabelgiji wa Kongo nao walikuwa na lugha yenye maneno tele ya watumishi, wakayaacha yote wakasema boy, hata wakalinyambua: nyumba ndogo ya watumishi nyuma ya nyumba kubwa ikaitwa boyerie. Tawala nne zilizogombania kila mto na kila mlima ziliafikiana juu ya neno moja la kumwita Mwafrika anayewapikia na kuwafulia. Mjerumani aliyemwita mpishi wake Boy hakuwa akiwaza wabeba machela wa Goa. Alikuwa amechukua mwito uliokwisha kuthibitishwa mahali pengine, na mwito huo ulikuja na mpangilio wake: mmoja anaketi, mwingine anakuja.

Sasa tuje upande wa sikio. Boi liliingia Kiswahili wakati pwani ikiwa katika msukosuko wa majina. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Maneno ya zamani ya utumishi, yaani mtumwa, mtwana na kijakazi, yalikuwa na harufu ambayo hakuna mtu huru aliyetaka kubaki nayo. Hata mtumishi, neno safi, lina shina moja na mtumwa: yote mawili yanatoka katika kutuma. Kiswahili kilikuwa tayari kinatafuta majina mapya ya kazi ya ujira, na namna kilivyoyapata inafaa kuangaliwa kwa makini. Kibarua, kwa mfano, asili yake ni karatasi ndogo, barua ndogo, ya kuonyesha siku alizofanya mtu kazi. Jina la karatasi likahamia kwa mtu. Karani alipatikana Mashariki, dereva na dobi wakapatikana kwa Waingereza na Wahindi, yaya akaja kwa njia ndefu iliyoanzia kwa Wareno. Boi aliingizwa katika safu hiyo hiyo na akapewa sarufi hiyo hiyo: makarani, madereva, madobi, maboi. Kazi yake ikawa uboi, kama vile kazi ya karani ilivyo ukarani. Hakuna dalili hata moja ya kisarufi kwamba waliolipokea neno walimfikiria mtoto. Rwanda na Burundi wakafanya vivyo hivyo kwa kanuni za lugha zao, wakamvisha kiambishi cha watu, akawa umuboyi, mfanyakazi wa nyumbani. Mimi naona hapa uamuzi, ingawa haukupigiwa kura na mtu yeyote. Watu waliosikia neno likitamkwa mchana kutwa kwa wanaume wenye ndevu walikataa kuamini kwamba wanaume hao ni watoto. Wakahitimisha kwamba hili bila shaka ni jina la kazi.

Baada ya hapo -boi likaanza kuzaa. Hausiboi akatenganishwa na shambaboi, mmoja ndani na mwingine bustanini. Kwenye malori ya Kenya na Uganda akapatikana tanboi, msaidizi wa dereva, ambaye Tanzania wanamwita utingo. Gereji zikawa na spanaboi, kijana anayejifunza ufundi kwa kumpa fundi spana anayoitaka. Huyu wa mwisho ananivutia zaidi, kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo huu aliyeahidiwa kuondoka. Spanaboi anayeshika kazi vizuri huwa fundi, na akishakuwa fundi hakuna atakayemwita spanaboi tena. Naye atapata spanaboi wake. Gereji ni shule, na jina ni la darasa. Hausiboi hakuwa na darasa la pili. Angeweza kufanya kazi miaka 30, akawalea watoto wa bwana mpaka wakarudi na watoto wao, na bado akaitwa kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1920 hivi, alitembea pia na kipande, yaani karatasi ya utambulisho, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni, kikiwa na alama za vidole na majina ya waajiri wake. Karatasi ile ilirekodi kila alikopita na ujira aliolipwa, lakini haikumpa cheo cha juu zaidi.

Mswahili mwaminifu atanikatiza hapa. Atasema: sisi wenyewe je? Mabwana wa pwani hawakuwaita watumwa wao na watu wa chini yao watoto? Si tulikuwa na mtoto wa jikoni kabla Mzungu hajafika, na walowezi wakalichukua neno hilo, wakalikata, wakasema toto? Ni kweli, na haifai kulificha. Pwani ilikuwa na ngazi zake, tena ngazi za kikatili, na neno mtoto lilitumika kumweka mtu chini ya mkono wa mwingine. Anayesoma riwaya za Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya kabla ya 1964, Kasri ya Mwinyi Fuad hasa, anajua kwamba mtumishi aliweza kudhalilishwa kwa Kiswahili fasaha kabisa. Lakini tofauti ipo, na imo ndani ya lugha. Mtoto ni neno la uhusiano: huwezi kuwa mtoto hivi hivi, lazima uwe mtoto wa mtu. Anayeitwa mtoto anaweza kudai, hata kama hatapewa. Ana haki ya kulishwa, kuozwa, kuzikwa. Mwana ni zaidi ya hapo. Pwani ya kaskazini neno hilo ni heshima ya mwanamke wa nyumba kubwa, kama tunavyoliona katika jina la Mwana Kupona, na katika Kiswahili cha leo ndilo tunalolitumia kuunda majina ya watu wanaoheshimiwa: mwanasheria, mwanajeshi, mwanasayansi, mwananchi. Lugha yetu ilichukua neno la mtoto ikalifanya neno la kuwa mmoja wa watu. Hata mwito una adabu ya pande mbili. Mtu huitwa kwa jina lake au kwa udugu, na anayeitwa huitika, mwanamume naam, mwanamke abee. Boy! halina jina la mtu ndani yake, wala halimtaji mzazi. Lingeweza kumwita yeyote aliye karibu na jiko.

Pingamizi jingine linatoka upande wa pili wa Atlantiki, na kwa Waingereza wenyewe. Waliosoma pamoja hujiita Old Boys kwa fahari hadi uzeeni; askari vitani waliitwa the boys kwa mapenzi; cowboy wa Texas alikuwa mwanamume wa kazi ngumu na hakuna aliyemcheka. Kama neno lina joto hilo, kwa nini tuliwekee kinyongo? Jibu langu ni kutazama ni nani anaweza kulirudisha. Wanafunzi wa zamani wanaitana. Kila mmoja ni boy wa mwenzake. Mpishi wa Nairobi hakuweza kumjibu bwana wake kwa neno hilo hilo, na wote wawili walijua. Wamarekani Weusi waliielewa tofauti hii kwa gharama kubwa zaidi kuliko sisi, kwani huko boy liliendelea kutumika dhidi ya wanaume wazima karne nzima baada ya utumwa kufutwa. Wazoataka wa Memphis walipogoma mwaka 1968, mabango waliyovaa vifuani hayakutaja mshahara. Yalisema tu kwamba mvaaji ni mwanamume, ni mtu mzima. Anayelijua neno lililokuwa likijibiwa na mabango yale haoni kwamba ujumbe ulikuwa mfupi mno. Na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Marekani ilikumbana na swali la kisarufi hasa katika kesi ya wafanyakazi wawili Weusi wa kiwanda cha kuku huko Alabama, waliodai kwamba msimamizi aliyewanyima cheo alikuwa akiwaita boy. Mahakama ya chini ilikuwa imesema kwamba neno hilo likisimama peke yake, bila kutajwa rangi ya mtu, si ushahidi wa ubaguzi. Mahakama Kuu ikakataa: ikasema maana hutegemea muktadha, sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi. Majaji walifika pale pale ambapo wabeba sahani wa Dar es Salaam walikuwa wamefika zamani.

Nao wa Dar es Salaam walikuwa na maoni yao juu ya jina. Katika miaka ya 1940 kulikuwa na chama mjini humo kilichoandikwa kwa Kiingereza kuwa chama cha Waafrika wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani. Boy halimo. Waliosimamia chama hicho walijua fika kwamba ndilo neno waliloitwa kila siku, na walipopata nafasi ya kujiandika wenyewe, kwa lugha ya mabwana zao, waliorodhesha ujuzi wao. Desemba 1956, wafanyakazi wa majumbani na wa hoteli wa mji huo walipogoma, waligoma kama wafanyakazi. Elisabethville, mji wa Kongo ambao baadaye uliitwa Lubumbashi, ulitoa ushuhuda mwingine. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa majumbani kilitoa historia ya mji iliyopigwa taipu kwa Kiswahili cha Katanga, ikakusanywa na André Yav, aliyekuwa mmoja wao. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Wazee hao hawakulikwepa neno boi. Walilitumia kueleza walikotoka na nani, walivyosafiri na mabwana, walivyoyaona mambo ya Wabelgiji kutoka jikoni. Kuna watakaosema kwamba hapa wenzetu wa Katanga walilimeza tusi ambalo wa Dar walilitema. Mimi sisomi hivyo. Ukimsoma mtu anayeandika historia ya mji wake kuanzia wafalme hadi uhuru, na kujiweka humo kama shahidi kwa sababu alikuwa boi, unaona kwamba neno limekwisha kugeuzwa kuwa cheo cha kujua. Kiswahili kilikuwa kimelitayarisha kwa hilo, kwa kulipokea kama kazi. Ndiyo maana pia riwaya ya Ferdinand Oyono, Une vie de boy ya mwaka 1956, ilipofasiriwa kwa Kiingereza ilihitaji jina Houseboy, lakini ya Kiswahili ilitosheka na Boi. Msomaji wetu hakuhitaji kuambiwa kwamba si hadithi ya utotoni.

Lipo pingamizi moja ambalo silimalizi kwa urahisi, nalo ni kwamba kulisafisha neno kulisaidia kuficha kitendo. Lugha ilipomfanya boi awe kazi kama kazi nyingine, ilitupa sisi wenyewe ruhusa ya kuajiri maboi baada ya uhuru na kuendelea kuwaita. Hili lilitokea. Nyumba za watu wakubwa wapya zilirithi vyumba vya uani pamoja na waliolala humo, na neno hausiboi halikuondoka na bendera. Lililolipunguza ni mabadiliko ya nani anafanya kazi hiyo: wakati wa ukoloni walioajiriwa walikuwa wanaume kwa wingi, na katika miongo iliyofuata kazi ya ndani ikawaangukia wasichana. Akaja hausigeli, kisha watu wakalionea haya, na vyama vya wafanyakazi, CHODAWU Tanzania na KUDHEIHA Kenya, vikatumia majina yanayotaja kazi bila kutaja umri wala jinsia. Majumbani Tanzania neno lililoshinda ni dada, dada wa kazi. Ni neno la udugu, na kwa hiyo limerudi katika desturi yetu ya zamani ya kumpa mtu uhusiano. Lakini katika desturi hiyo hiyo mtu mzima hapewi jina moja la kudumu. Akipata mtoto, majirani huanza kumwita mama Asha au baba Juma, na jina la ujana hubaki kwa wakubwa zake tu. Mwenye nyumba anapata heshima hiyo kuanzia siku ya kwanza ya uzazi. Anayempikia, mwenye miaka 45 na wana watatu, anaendelea kuwa dada. Jina lake la mama fulani liko kijijini, kwa wanaowajua wanawe.